Musa Alichoka, na Mungu Hakumkemea

Masomo: Kutoka 18:1–18, Hesabu 11:10–17, Mwanzo 33:12–14



Jumapili iliyopita tuliongea juu ya jambo ambalo halitajwi sana madhabahuni: akili ya mzazi anayefanya kazi. Sikuhubiri juu ya mfuko wake, wala ndoa yake, wala zaka yake. Nilihubiri juu ya akili yake. Lakini nilipotazama viti niligundua kitu. Wengi ambao ujumbe ulikuwa wao hawakuwepo. Walikuwa kwenye shifti. Wengine walikuwa bandarini, wengine kiwandani, wengine wanalinda geti la mtu, wengine wanafua nguo za watu Nyali. Ndiyo maana nimeuandika ujumbe huu kwa kirefu. Ukimaliza kusoma, usiuweke ndani ya Biblia ukasahau. Mpelekee yule ambaye hakuweza kuja.

YETHRO HAKUJA PEKE YAKE

Kutoka 18 tunaijua. Kila semina ya uongozi lazima ipitie hapo: Musa anaamua kesi za watu tangu asubuhi mpaka jioni, baba mkwe anamshauri agawe kazi, wawekwe wakuu wa maelfu, wa mamia, wa hamsini na wa makumi. Nilisomea biashara, na nakubali kwamba huo ni mpango mzuri wa kazi.

Lakini sisi huwa tunarukia mstari wa 13. Rudi mwanzo wa sura. Yethro hakuja peke yake. Alikuja na Sipora, mke wa Musa, na wale vijana wawili, Gershomu na Eliezeri. Biblia inasema Musa alikuwa amemrudisha mkewe kwao. Kwa hiyo watoto wa mtumishi mkuu wa Mungu walikuwa wanalelewa kwa babu yao, baba yuko kazini.

Sasa wamefika. Wamekumbatiana, wamesalimiana, wamekula. Kesho yake asubuhi baba yuko wapi? Ameshakaa kwenye kiti chake cha kazi, na hatoki hapo mpaka jioni. Biblia haisemi wale vijana walifanya nini siku hiyo. Lakini babu aliona. Akamwuliza Musa kwa nini anakaa peke yake namna hiyo, na akamwonya kwamba atachoka kabisa, yeye na watu walio pamoja naye.

Shika hayo maneno mawili: yeye, na watu walio pamoja naye. Uchovu wa mzazi hauishii kwake. Unaingia nyumbani, unakaa mezani, unalala na watoto.

Akina Gershomu tunao wengi hapa Kibarani. Kuna watoto wako kwa nyanya Kaloleni au Kitui kwa sababu mama hawezi kuacha kazi na hawezi kulipa wa kuwaangalia. Kuna watoto ambao mama yao yuko Saudi Arabia, analea watoto wa mtu mwingine, na wa kwake anawaona kwenye simu bandeli zikiwepo. Huyo mama ni mzazi aliye kazini. Tukimwombea apate pesa tu, tumemwombea nusu.

MUSA AOMBA KUFA

Karibu mwaka mmoja baadaye tunafika Hesabu 11. Kumbuka, Musa ameshafuata ushauri wa Yethro. Kazi imegawanywa, wakuu wako. Lakini sasa watu wanalia kila mtu mlangoni pa hema yake, wanataka nyama. Hapo Musa anavunjika.

Nenda usome mwenyewe uone maneno anayotumia. Haongei kama meneja. Anaongea kama mzazi. Anamwuliza Mungu kama ni yeye aliyeichukua mimba ya watu hawa, kama ni yeye aliyewazaa, hata aambiwe awabebe kifuani kama mlezi anavyombeba mtoto anayenyonya. Anasema hawezi peke yake. Halafu anamwambia Mungu kwamba kama ni hivyo, basi heri amuue.

Huyu ni Musa. Aliona kijiti kinawaka bila kuteketea. Alipita katikati ya bahari. Alikaa mlimani na Mungu siku 40. Na anaomba kufa, kwa sababu ya kazi na kwa sababu ya kubeba watu.

Wapendwa, maombi hayo yakiombwa kwenye kesha letu la Ijumaa, nini kitatokea? Tutamzunguka mtu na mafuta. Mmoja atakemea roho ya mauti, mwingine atauliza amefungua mlango gani. Kuomba ni sawa, na tutaendelea kuomba. Lakini tazama Mungu mwenyewe alivyofanya. Hasira yake siku hiyo ilikuwa juu ya watu, haikuwa juu ya Musa. Hakumwambia imani yake ni ndogo. Hakumkumbusha miujiza ya Misri. Hakumwambia ajikaze kiume. Alimwambia akusanye wazee 70, naye atatwaa sehemu ya Roho aliye juu ya Musa aiweke juu yao, ili waubebe mzigo pamoja naye, asiubebe peke yake.

Jibu la Mungu kwa akili iliyolemewa lilikuwa watu. Na ni watu waliojazwa Roho. Wale 70 walitabiri, ndiyo, nasi Wapentekoste tunaupenda sana mstari huo. Lakini sababu ya wao kupewa Roho imeandikwa wazi: wabebe. Kwa hiyo dada anayekaa na mtoto wa mwenzake saa mbili ili mwenzake alale, anafanya kazi ya Roho Mtakatifu. Usiiite kazi ya jikoni.

HAPA KWETU

Mama mmoja anayefanya kazi kwenye kiwanda cha nguo aliniambia hivi: "Mtumishi, watoto wangu nawajua wakiwa wamelala." Anaamka saa kumi, kabla ya adhana ya alfajiri, apike, apange yunifomu, atoke. Akirudi usiku wameshalala. Siku yake ya kupumzika ndiyo siku ya kufua, na ndiyo siku ya kulia, na hajui analilia nini. Alipowaeleza watu, akaambiwa ana roho ya kukataliwa. Basi akaacha kueleza. Akaendelea kuja kanisani, akaendelea kusema "namshukuru Mungu", na ndani anazama.

Baba naye ana yake. Kibarua wa kupakua mizigo anaamka hajui leo ataitwa au hataitwa. Mwenye nyumba anangoja, shule inangoja karo. Mwanamume amefundishwa kujikaza, kwa hiyo halii. Anakaa kimya, au anakuwa mkali, au anachelewa kurudi nyumbani makusudi ili akute watoto wamelala wasimwombe kitu. Mke anadhani kuna mwanamke mwingine. Kumbe kuna aibu.

Hili si jambo la Kibarani peke yake. Shirika la Afya Duniani linasema takriban akina mama 13 kati ya 100 waliojifungua karibuni hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, ule ugonjwa wa huzuni kali ambao wengi tunauita dipresheni. Katika nchi zinazoendelea wanakaribia 20 kati ya 100. Hao ni wanawake walio kwenye ibada zetu za kubariki watoto, wameshika mtoto, wanatabasamu kwa ajili ya picha. Na hapa Kenya, mwaka wa 2020, jopo la serikali lililoongozwa na Daktari Frank Njenga lilipendekeza ugonjwa wa akili utangazwe kuwa dharura ya kitaifa.

Sote tunakumbuka lile jaa la taka. Kwa miaka mingi kile ambacho mji haukutaka kukiona kilimwagwa hapa kwetu, kando ya barabara ya Makupa, mpaka taka zikagusa bahari. Akili ya mzazi inaweza kuwa hivyo. Bosi anamwaga yake, mteja anamwaga yake, mwenye nyumba, shule, ukoo, kila mmoja anashusha lori lake na kuondoka. Na jaa halikuondoka kwa sababu watu walipita wakiziba pua na kusema mambo yatakuwa sawa. Ilibidi kwanza lifungwe, malori yazuiwe. Kisha udongo ukaletwa, miti ikapandwa. Maombi yetu ni lazima yawe na mikono ya kuzuia malori.

KWA WAAJIRI NA MASUPAVAISA WALIO KANISANI

Nataka kuongea na ninyi mnaoajiri. Sisemi kampuni kubwa tu. Mwenye duka, mwenye matatu, mwenye saluni, mama mwenye msichana wa kazi, ninyi nyote ni waajiri.

Historia ya mji wetu ina somo. Wakati wa ukoloni, mshahara wa Mwafrika mjini ulipigiwa hesabu ya mwanamume mmoja, kama hana mke wala mtoto. Familia ilidhaniwa iko mashambani inajilisha. Januari 1947 wafanyakazi wa Mombasa, zaidi ya 10,000, waligoma, bandari na reli zikasimama. Miaka saba baadaye, mwaka wa 1954, Kamati ya Carpenter iliyoundwa na serikali ya kikoloni yenyewe ilipendekeza mfanyakazi alipwe mshahara wa kutosha kulisha familia. Yaani ilichukua mgomo na miaka kadhaa watu wakubwa kukiri kwamba mfanyakazi ana mtoto.

Je, sisi tumekiri? Ukimwambia mfanyakazi "matatizo ya nyumbani uyaache nyumbani", bado unapiga hesabu ile ile ya mkoloni. Mtoto mwenye homa haachwi nyumbani. Mama amekuja naye kazini ndani ya kichwa chake.

Soma Mwanzo 33. Esau anamwambia ndugu yake waondoke pamoja. Yakobo anakataa kwa upole. Anasema watoto ni wadogo, na mifugo inanyonyesha. Wakikimbizwa hata kwa siku moja tu, kundi litakufa. Kwa hiyo Esau atangulie, yeye atakwenda polepole, kwa mwendo wa mifugo iliyo mbele yake na kwa mwendo wa watoto. Yakobo alikuwa mfanyabiashara mkali kuliko wengi wetu. Lakini alijua kuna mwendo ukiuzidisha unapoteza mali na watoto pamoja. Kiwandani mashine hupangiwa siku ya kusimamishwa na kutiwa mafuta kabla haijaharibika. Mtu je?

Tena ni hasara ya pesa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba sonona na wasiwasi hupoteza siku za kazi bilioni 12 kila mwaka duniani, hasara ya dola trilioni 1. Lakini Mkristo asingojee hasara ndipo awe mwema. Torati ilimpa mwanamume aliyeoa mwaka mzima bila vita wala shughuli nyingine, akae nyumbani (Kumbukumbu la Torati 24:5). Mungu alijua likizo kabla ya sheria ya Kenya.

Na sheria ya Kenya pia ipo. Sheria ya Ajira ya mwaka wa 2007 inampa mama aliyejifungua likizo ya miezi 3 kwa mshahara kamili, na baba wiki 2 kwa mshahara kamili. Inampa mfanyakazi siku 1 ya kupumzika katika kila siku 7, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inamtaka mwajiri atenge mahali pa kunyonyeshea na kumpa mama muda wa kunyonyesha au kukamua maziwa. Haya si hisani.

Na msichana wa kazi pia ni mfanyakazi. Wengi wao ni akina mama. Anaamka kumpikia mtoto wako uji, wake ameachwa kijijini. Huwezi kuinua mikono Jumapili na kusema Mungu ameondoa mzigo wako, kama mzigo wenyewe umeuhamishia mgongoni mwa msichana wa miaka 22 asiyepewa hata Jumapili moja ya kupumzika. Mpe siku yake. Mlipe kwa wakati. Mruhusu apige simu kwao jioni. Mwulize mtoto wake anaitwa nani.

WALE 70 NI AKINA NANI?

Ni sisi. Mchungaji na wazee wa kanisa tumekaa tukakubaliana mambo machache, na tunaomba kila ushirika wa nyumbani uanze nayo wiki hii.

Kwanza, kila kiongozi wa ushirika ajue nani kati ya watu wake yuko shifti ya usiku, nani amejifungua karibuni, nani analea peke yake, na nani amepoteza kazi. Hakuna haja ya kutangaza. Ajue tu, na apite.

Pili, mama mwenye mtoto mchanga na mtu anayetoka shifti ya usiku hawatahesabiwa kuwa wamerudi nyuma kwa kukosa kesha. Eliya alipoomba kufa, malaika alimpa mkate na maji akamwacha alale tena (1 Wafalme 19). Kuna usiku ambao utii ni kulala.

Tatu, Jumamosi mchana vijana na mama wazee walio tayari watakaa na watoto hapa kanisani, wawili wawili, mahali pa wazi, ili wazazi wapate saa chache. Ukija kumchukua mtoto hakuna atakayekuuliza ulikuwa wapi. Hata kama ulikuwa umelala.

Nne, wakati wa ushuhuda, anayetaka kusema "sijashinda bado, nishikeni mkono" ana nafasi kama yule aliyepata nyumba.

Na tano, tutambue dalili. Huzuni ya siku moja ni ya kawaida. Lakini mtu akikaa wiki mbili au zaidi, karibu kila siku, moyo ni mzito, hana hamu hata ya kile alichokipenda, usingizi umeharibika, chakula hakipiti, anajiona si kitu, huyo anahitaji daktari pamoja na maombi. Hospitali ya Port Reitz iko karibu nasi na ina kitengo cha afya ya akili. Hospitali Kuu ya Pwani ipo upande wa kisiwani. Kama huwezi kutoka, piga 1199, namba ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, bila malipo, uongee na mshauri. Kama mawazo ya kujidhuru yamekuja, usingoje Jumapili. Mwambie mtu leo. Wengine walinyamaza kwa kuogopa polisi. Lakini Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kumshtaki mtu kwa kujaribu kujiua ni kinyume cha Katiba. Hutafuti jela, unatafuta msaada.

Dawa za akili si ukosefu wa imani. Anayemeza za presha hatumwulizi imani yake iko wapi. Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu, na Paulo alimwita mpendwa.

Mzazi unayesoma haya kwenye matatu, au saa nane ya usiku getini kwa mtu: Mungu hajakasirika na wewe kwa sababu umechoka. Musa alisema maneno mazito kuliko yako na akabaki rafiki wa Mungu. Lakini ona, Musa alisema. Mungu alimpa watu 70 baada ya yeye kufungua kinywa. Fungua kinywa chako wiki hii, kwa mtu mmoja tu.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Nani kati yetu hajaonekana wiki tatu, na je, tunajua sababu au tunakisia?
2. Kama wewe ni mwajiri, mfanyakazi wako ana watoto wangapi? Anawaona saa ngapi?
3. Ni mzigo gani mmoja ambao ushirika wetu unaweza kumbebea mzazi mmoja mwezi huu?

TUOMBE

Baba, wewe ulimsikia Musa alipoomba kufa, ukampa watu badala ya kaburi. Wasikie wazazi wa Kibarani. Mama aliye kwenye mashine usiku huu, baba anayengoja kuitwa kazi asubuhi, mama aliye Arabuni anayelia kwa sauti ndogo asisikike. Wape usingizi. Wape watu. Na sisi utujaze Roho wako, tutabiri na tubebe pia. Kwa jina la Yesu Kristo. Amina.